Nta au shahamu? Kisa cha mafuta ya risasi yaliyoyeyuka India

Leo naweka programu kando, nataka tuzungumze juu ya mafuta. Si mafuta ya petroli, wala ya kupikia. Ni yale mafuta yaliyokuwa yakipakwa kwenye risasi za bunduki za zamani ili ziweze kupita kwenye mtutu. Najua mtu atauliza, huyu wa tarakilishi ameanza lini mambo ya bunduki? Vumilieni kidogo. Kisa hiki ni cha kiufundi kuliko mnavyodhani, na nimekuwa nikikisimulia kila nikikaa na vijana wanaoandika programu kwa mara ya kwanza, kwa hiyo afadhali nikiandike mara moja kiishe.

Tuanze na baruti yenyewe. Baruti nyeusi, ile ya kale iliyotumika hata kwenye magobori ya misafara ya pembe hapa kwetu, ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura karibu asilimia 75, makaa asilimia 15 na salfa asilimia 10. Watu wengi hufikiri kwamba baruti ikilipuka yote inageuka moshi na gesi. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama chembe ngumu, nyingi zikiwa ni chumvi za potasiamu. Nyingine hutoka na ule moshi mweupe mzito mnaouona kwenye filamu, na nyingine hung'ang'ania ndani ya mtutu. Piga mara moja, mtutu una masizi. Piga mara kumi, una ukoko.

Nasema ukoko kwa makusudi, maana ni kama ule wa sufuria ya wali. Penye unyevunyevu, kama Mombasa asubuhi, chumvi zile hufyonza maji hewani na ukoko unalainika kama tope. Lakini penye joto kavu unakauka na kuwa mgumu kama umechomwa, na mtutu wenyewe ukipata moto kwa jua na kwa kupigwa mfululizo ndiyo mambo yanazidi. Sasa mpe askari risasi ya kusukuma kutoka mdomoni mwa mtutu hadi chini kabisa, apitishe juu ya ukoko huo, huku adui akimkimbilia. Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Kazi yake kubwa si kuifanya risasi iteleze tu kama wengi wanavyodhani. Ni kuulainisha ule ukoko ili risasi inayofuata iweze kuusukuma na kuusafisha inapopita.

Bunduki za zamani zaidi, zile za mtutu laini, hazikuhitaji haya. Waingereza walikuwa na moja waliyoiita Brown Bess. Upana wa mtutu wake ulikuwa kama inchi 0.75 na risasi yake kama inchi 0.69, yaani risasi ilikuwa ikicheza ndani kama mtoto aliyevaa koti la baba. Ilikuwa rahisi kushindilia hata mtutu ukiwa mchafu. Ubaya wake ni kwamba kupita yadi mia moja hivi, kumpiga mtu uliyemlenga ilikuwa ni bahati.

Mwaka 1853 jeshi la Uingereza likachukua bunduki mpya, Enfield ya 1853. Mtutu wake, wa inchi 0.577, ulikuwa na mifuo mitatu iliyojipinda ndani, na risasi yake haikuwa duara tena bali ndefu yenye kichwa kilichochongoka, kwa wazo lililotokana na kazi ya Mfaransa Claude-Étienne Minié. Baruti ikilipuka, kitako cha risasi kinatanuka na kushika mifuo, risasi inatoka ikizunguka, na sasa unaweza kulenga mtu mbali mara kadhaa kuliko zamani. Lakini ili itanuke na kushika, lazima iwe inakaribia kujaa mtutu tangu mwanzo. Risasi ilikuwa ya inchi 0.568. Pigeni hesabu wenyewe: nafasi iliyobaki ni inchi 0.009, yaani chini ya robo ya milimita. Ndani ya robo hiyo ya milimita inabidi ikae karatasi, mafuta na ukoko. Kila aliyewahi kubana programu kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo atanielewa.

Kila mshindo mmoja ulifungwa tayari kwenye kifurushi cha karatasi. Upande mmoja baruti, upande wa pili risasi, na upande wa risasi ulichovywa kwenye mafuta. Askari alifundishwa kukamata kifurushi, kung'ata ncha ya upande wa baruti kwa meno, kumimina baruti mtutuni, kukigeuza, kuingiza risasi ikiwa bado imevikwa karatasi yake yenye mafuta, kuikata karatasi iliyozidi, kisha kushindilia kwa mdeki. Shikeni sana hapo pa kung'ata kwa meno.

Mafuta gani sasa? Yale ya mwanzo, yaliyopangwa kule Uingereza, yalikuwa zaidi shahamu, yaani mafuta mgando ya mnyama, na nta ya nyuki kidogo. Kwa hali ya hewa ya Uingereza ni chaguo zuri tu. Shahamu ni rahisi, inapatikana kila bucha, hailipuki, inalainisha ukoko vizuri. Shida ni kiwango cha kuyeyuka. Shahamu ya ng'ombe huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 50 za Selsiasi, na huanza kulegea mapema kuliko hapo. Nta ya nyuki huyeyuka karibu nyuzi 62 hadi 64. Katika Delhi mwezi wa Mei, hewa yenyewe kivulini hupita nyuzi 40. Ndani ya ghala au kwenye mfuko wa ngozi uliopigwa na jua, ni zaidi.

Wakubwa hawakuwa wajinga, hili nataka lieleweke. Walijua India kuna joto. Mwaka huohuo wa 1853 wakatuma vifurushi vilivyopakwa mafuta mpaka India kwa ajili ya jaribio maalumu: je, mafuta yatahimili hali ya hewa ile? Vifurushi vikagawiwa kwa walinzi katika vituo kama Calcutta, Kanpur na Rangoon, wakae navyo mifukoni, wavitoe na kuvirudisha kwa muda mrefu, kisha vikaguliwe. Ukiniuliza mimi, ni jaribio zuri. Linafanyika mahali halisi, kwa watumiaji halisi, kwa muda wa kutosha. Mara ngapi sisi tunajaribu programu ofisini Nairobi kwenye mtandao wa kasi halafu tunaipeleka Lodwar?

Na walinzi wale walikuwa ni masipahi, askari wa Kihindi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Katika jeshi la Bengal wengi walikuwa Wahindu wa matabaka ya juu, na wengine Waislamu. Mhindu wa tabaka la juu kuweka mdomoni mafuta ya ng'ombe ni kupoteza tabaka lake, na ukipoteza tabaka hukai tena kula na ndugu zako. Kwa Mwislamu, nguruwe hata sihitaji kuwaeleza.

Desemba 1853 ofisa mmoja, Kanali Henry Tucker, aliyekuwa msimamizi mkuu wa utawala wa jeshi la Bengal, akaliona. Aliandika kwamba kama haijulikani kwa hakika kuwa mafuta yale hayana kitu cha kuchukiza dini za watu, vifurushi vipewe askari Wazungu peke yao. Barua ikaenda kwa waliohusika na haikuzaa kitu. Jaribio likaendelea likipima lile lililoandikwa lipimwe: mafuta yameyeyuka au hayakuyeyuka. Hakuna safu kwenye jedwali la kuandika mafuta ni ya nani.

Miaka mitatu ikapita. Bunduki zenyewe zikafika na mafunzo yakaanza katika vituo vitatu, Dum Dum karibu na Calcutta, Ambala na Sialkot. Januari 1857, pale Dum Dum, kibarua mmoja wa ghala la silaha, mtu wa tabaka la chini, alimwomba sipahi Mbrahmini maji kutoka kwenye chombo chake. Mbrahmini akakataa, asije akanajisiwa. Kibarua akamjibu kwamba tabaka hilo analoringia litamtoka hivi karibuni, maana atang'ata vifurushi vyenye mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Maneno hayo yakasambaa kituo hadi kituo kwa kasi ambayo hata baruapepe ingeionea wivu.

Je, ilikuwa kweli? Hapa ndipo mimi huwa nasimama. Maofisa walipokwenda kuuliza ghala la Calcutta, waligundua kwamba mchanganyiko ulitengenezwa kama maelekezo ya Uingereza yalivyotaka, shahamu na nta, na shahamu yenyewe ililetwa na mzabuni. Hakuna aliyekuwa amechukua hatua yoyote kuhakikisha ni ya mnyama gani. Karatasi ya mahitaji ilisema shahamu, basi ikaletwa shahamu. Kwa hiyo uvumi haukuwa uongo. Mtu aliyetaka kuapa kwamba hakuna mafuta ya ng'ombe humo hakuwa na msingi wa kuapa. Huwa naudhika nikisoma vitabu vya kale vinavyosema eti masipahi walikuwa washirikina waliodanganywa. Waliuliza swali sahihi na mwenye mfumo hakuwa na jibu.

Kinachouma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo ndani ya jeshi lilelile. Kulikuwa na makampuni ya masipahi waliokwisha kutumia bunduki za mifuo za aina ya zamani kwa miaka, wakipaka mafuta ya kondoo na nta kwenye vitambaa vya risasi, na hakuna aliyelalamika. Mafuta ya kondoo hayamkwazi Mhindu kama ya ng'ombe, na Mwislamu hana neno nayo. Tatizo halikuwa mafuta kwenye risasi. Ni kwamba mfumo mpya ulitengenezwa mbali, na hakuna aliyekwenda kuwatazama watu wanaofanya kazi hiyohiyo tayari.

Serikali ilipogundua hitilafu ilitoa kiraka haraka, lazima niwape haki yao. Tarehe 27 Januari 1857 ikaamriwa kwamba vifurushi vitolewe bila mafuta na masipahi wajipakie wenyewe mchanganyiko wanaoutaka. Kwa ufundi, kiraka hiki ni safi kabisa. Lakini ofisa mmoja wa makao makuu aliuliza jambo la maana: tukiwaambia hivi, si ndiyo tunawafanya washuku hata vile walivyokuwa wakishika bila wasiwasi? Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 6 Februari, katika uchunguzi uliofanyika Barrackpore, masipahi wakasema sasa shaka yao iko kwenye karatasi yenyewe. Ilikuwa mpya, inang'aa, na ukiichoma inatoa sauti kama ya kitu chenye mafuta. Machi likaja badiliko jingine: msing'ate tena kwa meno, raruni kwa mkono. Nalo halikusaidia. Mtu akishaacha kukuamini, kila toleo jipya unalompa anatafuta ndani yake lile la zamani limefichwa wapi.

Hapa niseme kitu kuhusu kwetu. Mwaka 2019 wakati wa usajili wa Huduma Namba, mnakumbuka kulikuwa na waumini waliosema hiyo ni alama ya mnyama, 666? Sisi watu wa teknolojia tulicheka sana, na mimi nilikuwa mmojawapo. Halafu Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zile haukufuata sheria, kwa sababu serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari zake kwa ulinzi wa data za watu. Sisemi 666 ilikuwa kweli. Nasema wale wazee walikuwa wanauliza taarifa zangu zinakwenda wapi, kwa lugha waliyokuwa nayo, na sisi tulisikia ile lugha tu. Sijacheka tena tangu siku ile.

Turudi India. Tarehe 26 Februari kikosi cha 19 kule Berhampore kikakataa vifurushi. Tarehe 29 Machi huko Barrackpore sipahi Mangal Pandey wa kikosi cha 34 akawashambulia maofisa wake, na tarehe 8 Aprili akanyongwa. Kisha tarehe 24 Aprili, mjini Meerut, kamanda wa kikosi cha 3 cha farasi akawapanga askari 90 na kuwaamuru wachukue vifurushi. Vilikuwa ni vya aina ya zamani, vile walivyovizoea miaka yote, wala havikuwa vya Enfield! 85 wakakataa. Mahakama ya kijeshi ikawahukumu miaka kumi ya kazi ngumu, wachache walio vijana zaidi wakapunguziwa hadi mitano. Tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kufungwa minyororo mbele ya wenzao wote. Kesho yake, Jumapili tarehe 10, wenzao wakavunja jela, wakaua Wazungu waliowakuta, na usiku huohuo wakaondoka kuelekea Delhi.

Yaliyofuata mnayapata katika kitabu chochote cha historia: zaidi ya mwaka mzima wa vita, mauaji ya kutisha pande zote mbili, Delhi kuchukuliwa tena Septemba 1857, mfalme mzee Bahadur Shah kupelekwa uhamishoni Rangoon alikofia mwaka 1862, na Kampuni kunyang'anywa utawala wa India mwaka 1858. Sisemi mafuta ndiyo yaliyoleta yote hayo. Kulikuwa na ardhi, kodi, mishahara, falme zilizomezwa kama Awadh mwaka 1856. Lakini hayo yote yalikuwa baruti. Cheche ilitoka kwenye robo ile ya milimita. (Kwa wapenda historia ya pwani: Burton na Speke, wote maofisa wa jeshi hilohilo la Kampuni, waliondoka Kaole karibu na Bagamoyo Juni 1857 kutafuta maziwa makuu, wakati Delhi iko mikononi mwa waasi.)

Sasa sehemu ambayo vitabu vingi huiruka, na ndiyo ninayoipenda. Tuseme dini haikuwepo kabisa. Je, yale mafuta yalifanya kazi? Hayakufanya! Katika vita vya 1857 na 1858 Enfield iliwatesa Waingereza wenyewe wakati wa kushindilia. Joto liliyeyusha shahamu ikaikimbia risasi na kunywewa na karatasi. Risasi ikabaki kavu, ukoko ukabaki mgumu. Juu ya hayo, asidi zilizomo katika shahamu hula madini ya risasi taratibu na kuacha utando juu yake, na utando huo unaongeza unene. Kumbukeni tulikuwa na inchi 0.009 tu. Suluhisho lilipokuja, kufikia mwaka 1859, lilikuwa la aina mbili: risasi ikapunguzwa hadi inchi 0.550, na shahamu ikaondolewa kabisa. Nta ya nyuki tupu.

Nta! Kitu ambacho hakuna dini yoyote iliyokuwa na neno nacho. Lile lililofaa kwa joto ndilo lililofaa kwa watu. Bunduki zilizofuata zikabaki nayo. Katika Martini-Henry ya 1871 kulikuwa na kisahani cha nta kati ya baruti na risasi, ndani ya kifurushi cha shaba kisichohitaji meno. Hata leo wanaopenda kupiga bunduki za baruti nyeusi kule Marekani huzidisha nta kwenye mchanganyiko wao majira ya joto yakifika. Askari wa Kihindi, wao, baada ya 1857 walipewa kwa muda bunduki za mtutu laini, maana waliowatawala hawakutaka tena kuwakabidhi silaha iliyo sawa na yao.

Kuna jambo moja ambalo lilinisumbua kwa muda. Mafuta yalipakwa upande wa risasi, lakini meno yalikuwa yang'ate upande wa baruti. Mtetezi wa mfumo angeweza kusema, mbona hamgusi mafuta kwa mdomo kabisa? Wazo langu likawa kwamba kwenye joto hoja hiyo inayeyuka pamoja na shahamu, kwa kuwa karatasi ni utambi. Nikiwa Voi Februari moja nilijaribu. Nilisokota vikaratasi viwili urefu wa kidole, nikajaza unga badala ya baruti, kimoja nikachovya ncha kwenye mafuta ya ng'ombe niliyokaanga mwenyewe, kingine kwenye nta niliyonunua kwa mzee wa mizinga. Nikaviweka juu ya bati saa sita mchana. Ndiyo, bati lina moto kuliko mfuko wa askari, sidai kuwa nimethibitisha kitu. Lakini kabla ya saa nane kile cha shahamu kilikuwa kimelowa kutoka ncha hadi ncha, unga umeganda, na ukikishika unaona mwanga kupitia karatasi. Kile cha nta kililegea kidogo tu chini. Upande wa pili, wa kung'ata, karatasi ilikuwa bado kavu nilipokwenda kukitoa jioni.